Nishukuru Saa Ngapi?

Mahubiri ya Dominika ya Tatu ya Majilio



Wapenzi wasikilizaji, Mama Kanisa huiita Dominika hii Dominika ya Furaha. Katika makanisa yenye uwezo padre huvaa leo kasula ya rangi ya waridi. Katika vigango vyetu vingi kasula hiyo haipo, naye padre huvaa ile ile ya zambarau, wala hatujaona furaha ya watu ikipungua kwa ajili ya kitambaa. Mtume Paulo, anapokaribia kufunga waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, anawaagiza mambo matatu kwa pumzi moja: furaha isiyokatika, sala isiyokoma, na shukrani katika kila hali. Mawili ya kwanza yana wahubiri wengi msimu huu. Sisi tunapenda kukaa nanyi kidogo juu ya hili la tatu.

Tunakaa juu yake kwa sababu tumeulizwa. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba tulikuwa katika kigango kimoja cha bonde la Mbwemkuru, mto ule unaoteremka kwenda Bahari ya Hindi ukizipitia pande za Nachingwea na Ruangwa. Tuliadhimisha Misa, tukawahimiza waamini waingie katika Noeli kwa moyo wa shukrani, kama tunavyofanya kila mwaka. Baada ya Misa mama mmoja alitungoja chini ya mwembe. Yeye ni muuguzi wa zahanati, ana watoto wanne, na pamoja na mume wake ana shamba la mikorosho. Mume ni dereva wa lori linalosomba korosho kutoka maghala ya vyama vya msingi, na siku ile alikuwa hajalala nyumbani kwa wiki mbili. Mama huyo alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: "Baba Padre, mmetuambia tushukuru, nami sikatai. Lakini nisaidieni jambo moja. Nishukuru saa ngapi?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Alituhesabia siku yake kwa vidole. Saa kumi alfajiri huamka kuteka maji. Saa moja na nusu yuko zahanati. Alasiri huenda shambani na watoto kuokota korosho, maana korosho iliyodondoka haimngoji mtu. Jioni hupika, huosha, huwatazama watoto, na usiku, akiitwa, hurudi zahanati, kwa kuwa mama mjamzito naye hangoji asubuhi. Akimaliza hesabu hiyo vidole vimekwisha, na shukrani haijapata kidole.

Tulimwahidi kwamba swali lake tungelijibu mbele ya wote, kwa maana si lake peke yake. Ni la mwalimu anayejaza ripoti za watoto wa wenzake huku ripoti ya mwanawe hajaisoma. Ni la mlinzi wa ghala, la kondakta wa basi, la mama lishe wa stendi, la kijana mwenye familia changa anayefanya kazi katika machimbo ya madini ya kinywe huko Ruangwa. Ni la mzazi ye yote ambaye sikukuu kwake ni kazi juu ya kazi.

Kwa ajili ya wasikilizaji wa mikoa mingine, hatuna budi kueleza kwanza jinsi Desemba ilivyo kwetu. Katika nchi nyingine Noeli huja wakati wa mapumziko. Kwetu Kusini huja katikati ya mavuno. Mikorosho huanza kudondosha matunda yake kuelekea mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwaka mpya, na kwingine kupita hapo. Kila siku mtu huinama chini ya mti, huokota, hukata korosho kutoka kwenye bibo, huianika, huichambua. Mvua za kwanza nazo zinakaribia: zikiikuta korosho chini, doa huingia na daraja hushuka. Mvua hizo hizo zinataka shamba la mahindi liwe limekwisha kupandwa. Basi mwili mmoja unaitwa na mashamba mawili. Halafu kuna kubeba magunia kwenda chama cha msingi, kungoja kupimiwa, kungoja mnada, kungoja fedha ziingie benki. Katika kungoja huko ndipo zinapofika Noeli, wageni kutoka Dar es Salaam, watoto wanaotaka nguo mpya, na nyuma yao mwezi wa Januari umesimama mlangoni na orodha yake ya sare, daftari na viatu. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada za shule za serikali hadi kidato cha nne zimefutwa, nasi tunashukuru. Lakini mzazi anajua kwamba mtoto haendi shule akiwa amevaa tangazo la kufutwa kwa ada.

Katika haraka hiyo wapo wanaojikwaa. Mnajua biashara ile iitwayo kangomba. Mwezi wa Agosti, njaa ikiwa ndani ya nyumba, anakuja mtu na fedha kidogo. Mwezi wa Novemba anarudi kuchukua korosho kwa kipimo chake na kwa bei yake. Au anakuja wiki moja kabla ya Noeli, wakati malipo ya mnada hayajaingia na mtoto analilia gauni, naye hununua kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita biashara hiyo mara nyingi. Sisi tunaitazama kwa jicho la mchungaji, na tunaona kwamba mara nyingi haiingii kwa mlango wa ujinga. Huingia kwa mlango wa aibu: aibu ya mzazi anayeogopa kwamba siku ya Noeli mwanawe ataonekana kanisani na nguo ya mwaka jana. Tunawaomba wazazi, na hasa tunawaomba wale wenye uwezo walio wepesi wa kutazama nguo za watoto wa wengine: gauni la mwaka jana lililofuliwa vizuri halijapata kumchukiza Mtoto Yesu, ambaye mwenyewe alivikwa nguo za kuzungushia na kulazwa katika hori.

Sasa turudi kwenye swali. Tunapenda kulitazama kwa msaada wa Injili ambayo si ya leo, ila mnaijua nyote: habari ya watu kumi wenye ukoma, katika sura ya 17 ya Luka. Wazee wetu wa pande za Ndanda, wanaoyakumbuka makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Mwena, hawahitaji kuelezwa ugonjwa ule ulimfanya nini mtu katika ukoo wake. Watu kumi walisimama mbali, wakapaza sauti. Yesu akawaagiza waende kujionyesha kwa makuhani. Wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja akageuka, akarudi akimtukuza Mungu, akaanguka miguuni pa Yesu. Naye alikuwa Msamaria. Bwana akauliza wale tisa wako wapi.

Sisi wahubiri tumezoea kuwapiga wale tisa kwa fimbo. Tunawaita watovu wa shukrani, tunakumbushia ile methali ya punda na mateke yake, na habari inakwisha. Lakini hebu tuwafikirie kwa haki. Wale tisa walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakitii. Walikuwa wameagizwa kwenda kwa makuhani, na kulingana na Sheria ya Musa pasipo kuhani kuthibitisha hapakuwa na kurudi nyumbani. Nao bila shaka walikuwa na nyumba. Bila shaka kati yao alikuwapo baba ambaye miaka kadhaa hakumshika mwanawe mkono, ambaye shamba lake lilikuwa limeota magugu, ambaye mkewe alikuwa amelea peke yake. Mtu kama huyo anapoiona ngozi yake imepona hatembei, anakimbia. Hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya mambo mema.

Hapo, ndugu wapenzi, tunajiona. Wazazi wengi wanaokosa kushukuru si wenye kiburi. Wako katika kundi la wale tisa: wanatii, wanakimbilia nyumbani, wanafanya lililo wajibu wao. Ndiyo maana swali la Bwana limejaa majonzi kuliko hasira. Wala hatusomi popote kwamba aliwarudishia ukoma wao. Uponyaji walibaki nao. Walichokosa ni kumwona usoni yule aliyewaponya.

Na yule mmoja, je, alifanya nini cha ziada? Hakufunga safari mpya. Hakuahirisha maisha yake kwa wiki moja ili ashukuru. Aligeuka njiani, pale pale alipoona amepona, akarudi hatua kadhaa, kisha Bwana mwenyewe akamwinua na kumwambia aende zake. Jibu la swali la saa ngapi tunalipata katika neno hilo dogo: njiani. Shukrani haiombi saa yake peke yake katika siku iliyokwisha kujaa. Kama ingekuwa kazi nyingine juu ya kazi, tungekuwa tumewatwika wazazi mzigo ambao sisi wenyewe, tusio na watoto wa kuwaamsha alfajiri, hatuubebi.

Lakini kugeuka hakuji kwenyewe. Mtu humhitaji kitu cha kumkumbusha, maana macho ya mwenye haraka huona lililobaki, hayaoni lililofanyika. Muuguzi huona foleni mbele yake. Mtoto aliyezaliwa usiku wa jana salama, na mama yake akiwa hai, amekwisha kuwa mstari katika daftari. Mkulima huona mikorosho ambayo hajaifikia. Gunia lililojaa limesimama nyuma yake kimya. Wazee wetu walilijua hilo, ndipo walipokuwa na desturi ya kuanza salamu kwa kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mashamba, na kila mara kujibu kwamba ni njema kabla ya kutaja ugonjwa au msiba. Vijana huona ni kupoteza wakati. Sisi tunaona kwamba ilikuwa shule. Mtu alilazimika mara kumi kwa siku kutafuta lililo jema kabla hajataja lililo baya.

Fikirini pia walikuwa nani waliopewa kwanza habari ya Noeli. Walikuwa wafanyakazi wa zamu ya usiku. Wachungaji wale walikuwa kazini, wakilinda mifugo kwa zamu, wakati watu wengine wa Bethlehemu wamelala. Malaika hakuwalaumu kwa kutokuwa hekaluni. Na baada ya kumwona Mtoto, Luka anatuambia kwamba walirudi wakimtukuza Mungu. Walirudi wapi? Walirudi kwa kondoo wao. Kazi ilikuwa ile ile, baridi ile ile, mshahara ule ule. Tunaliweka jambo hili mbele yenu kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kwamba hawawezi kuwa na Noeli mpaka kazi iishe. Kazi haitaisha. Yosefu mwenyewe alikuwa fundi, na Noeli ya kwanza ilimkuta safarini kwa ajili ya amri ya serikali ya kuhesabiwa watu, mke akiwa amefikia siku zake, na nyumba ya wageni imejaa.

Sasa tuseme neno ambalo huenda halitawapendeza wote, hasa akina baba. Shukrani kwa Mungu isiyopita kwanza kwa watu wa nyumbani ina kasoro kubwa. Tunazijua nyumba ambazo mama na watoto wameokota korosho kuanzia Oktoba, wamezianika, wamezichambua, mgongo wa mama umepinda. Lakini jina lililo katika daftari la chama ni la baba, akaunti ya benki ni ya baba, na siku fedha zinapoingia baba anapotea. Anaonekana baada ya siku tatu. Sehemu imekwenda kwenye pombe, sehemu imekwenda kwa nyumba ndogo, sehemu imenunua simu. Kisha Noeli anakuja kanisani, anatoa sadaka nene ya shukrani, na jina lake linasomwa. Tunasema kwa upole lakini wazi: sadaka hiyo imetoka katika mgongo wa mtu ambaye hakushukuriwa. Bwana alituagiza kwamba tukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka, tukapatane kwanza. Mke ndiye ndugu wa karibu kuliko wote.

Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye katika ujana wake, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi ya mikono machimboni na kiwandani, aliandika mwaka 1981 waraka juu ya kazi ya mwanadamu, uitwao *Laborem Exercens*. Humo hakusahau kazi ya mama nyumbani. Alidai kwamba jamii iitambue na kuithamini kazi ya kulea, kwa kuwa ni kazi kweli, nayo huchosha kweli. Baba anayemwambia mkewe mbele ya watoto, "Mama, pole kwa kazi, na asante, mwaka huu usingekuwapo tusingefika hapa," amekwisha kuanza Noeli. Neno hilo halina makato, wala halingoji mnada. Akishalisema, waketi wote wawili waipange fedha pamoja, hadharani, na watoto wakubwa wakisikiliza. Vivyo hivyo mama asiache kumshukuru baba aliyelala juu ya magunia barabarani kwa wiki mbili. Na watoto nao wafundishwe. Mtoto wa miaka saba anayejua kusema asante kwa uji amepata elimu ambayo haimo katika vitabu vya darasa la kwanza.

Hata hivyo ipo hatari ya upande wa pili, nayo yatupasa kuitaja. Wapo wanaolitumia neno shukrani kama kizibo. Mfanyakazi akidai mshahara uliocheleweshwa huambiwa ashukuru hata hiyo kazi anayo. Mkulima akiuliza juu ya makato asiyoyaelewa huambiwa kwamba hana shukrani. La hasha! Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiwa wa wavunaji unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Mwenye kushukuru katika kila hali haambiwi aishukuru kila hali. Anamshukuru Mungu aliye pamoja naye ndani ya hali hiyo, kisha anasimama kudai haki yake, tena kwa sauti iliyotulia kuliko ya mtu aliyejaa uchungu tu. Wengi mnakumbuka msimu wa mwaka 2018, minada ilipokwama, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri masikioni. Lakini wapo waliofika Noeli ya mwaka ule wakiwa na stakabadhi mkononi na sufuria tupu jikoni. Kuwaambia watu wale washukuru na kunyamaza lingekuwa neno baya. Lakini tuliwaona wengine wakigawana walichonacho, aliyelipwa akimkopesha asiyelipwa, na hapo shukrani ilikuwapo pasipo mtu kuitangaza.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Waisraeli wanafundishwa namna ya kushukuru kwa mavuno. Mtu achukue malimbuko katika kikapu, ampelekee kuhani, na asitoe kikapu kimya kimya. Aeleze habari: baba zake walikuwa nani, waliteswa wapi, Mungu aliwatoaje, na yeye amefikaje katika nchi hii. Ndipo afurahi, yeye na Mlawi na mgeni aliye kwake. Shukrani ina kumbukumbu. Makatekista, tunawaomba msiache sadaka ya mavuno igeuke kuwa mashindano ya kuku na madebe. Wapeni wazee nafasi waeleze.

Nasi tunayo ya kueleza. Misheni ya Lukuledi ilianzishwa mwaka 1895. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto. Na waliozichoma, tusisahau, walikuwa babu zetu pia, watu waliochoshwa na mijeledi na kazi za shuruti za ukoloni. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini wakaanza upya huko Ndanda. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, wakaja Nachingwea na matrekta ya kutisha. Reli ikajengwa hadi bandari ya Mtwara. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjika, na baadaye hata reli ikang'olewa. Mpango wa wakubwa ulikufa, na mkulima wa jembe la mkono akabaki. Mwaka 1963 likazaliwa Jimbo la Nachingwea, ambalo tangu 1986 ni Jimbo la Lindi.

Na mikorosho yenyewe ina habari yake. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ikawa duni, ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga unaoyakausha maua. Na msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mashamba yakawa msitu. Wapo waliokata mikorosho kuwa mkaa. Lakini wapo pia wazee, wengi wao sasa marehemu, ambao waliingia tena na panga, wakafyeka, wakaanza kupulizia salfa, wakati majirani wakiwacheka. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mzazi anayeinama leo chini ya mkorosho amwulize babu ni nani aliyeupanda, na ni nani aliyeufyekea baada ya miaka ya giza. Wakati anaokota, alitaje jina hilo mbele ya watoto. Haihitaji saa ya pekee. Mikono inaendelea na kazi, na mdomo unasali. Watoto wanaookota pamoja naye watajua kwamba kivuli hicho kilitolewa jasho na mtu.

Kwa wale wanaopenda kuambiwa jambo la kufanya, tunasema hivi. Usiku, kabla ya kulala, hata kama usingizi umekwisha kushika mguu mmoja, mzazi akumbuke jambo moja tu la siku ile, lenye jina na mahali. Asiseme "nashukuru kwa yote," kwa kuwa "yote" ni neno la mtu mvivu. Aseme: nashukuru kwa yule mtoto aliyezaliwa saa nane usiku, kwa mvua iliyongoja mpaka nilipofunika turubai, kwa jirani yangu Mwislamu aliyewatazama watoto wangu nilipokuwa zamu. Tunamtaja jirani Mwislamu makusudi. Katika wilaya zetu sisi tu wachache kati yao, na sikukuu zetu zisingekuwa sikukuu bila wao, kama vile Idi yao isivyotimia sahani isipovuka ua kuja kwetu. Msamaria wa Injili naye alikuwa wa dini nyingine machoni pa wale tisa, na ndiye aliyejua kurudi.

Na Dominika mje Misani. Neno Ekaristi kwa Kigiriki ni shukrani. Mzazi aliyechoka, anayesinzia katikati ya mahubiri, tunamwomba asione haya. Amekuja kukalishwa katika shukrani ya Kristo mwenyewe, ambayo haisinzii. Mkate ule ni kazi ya mikono ya wanadamu, na katika mikono hiyo imo ya kwake.

Lakini twajua kwamba usiku wa Noeli wapo watakaokosa Misa kwa sababu ya wajibu: walio zamu katika zahanati na hospitali, walinzi, madereva, mama mwenye kichanga, anayemuuguza mzazi. Hao wasijihesabu wakosefu. Kanisa linafundisha kwamba aliyezuiwa na sababu nzito kama hizo hafungwi na amri ile. Tunawaomba ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo mfanye jambo moja. Wiki hii andikeni majina ya watu wa jumuiya yenu watakaokuwa kazini usiku ule, myasome katika maombi ya waamini, kila mmoja kwa jina lake. Kisha, ibada ikiisha, wawili au watatu wapite zahanati wakiwa na chupa ya chai na sahani iliyofunikwa. Wasikae sana, maana watu wako kazini. Waulize ni watoto wangapi wamezaliwa usiku huo, wawape mkono wauguzi na walinzi, wawaambie kwamba wametajwa kanisani, nao waende zao.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.